Maji Aliyoyameza Mama

Kiharusi kilimchukua mama mkono wa kulia, nusu ya mdomo na Kiswahili chote. Mkono na mdomo tuliviona siku ile ile. Kiswahili sikujua kwamba kimekwenda mpaka siku ya tatu, sauti ilipomrudia, nikamsikia mama yangu mzazi akiniambia jambo refu kwa utulivu kabisa na nisiambulie hata neno.

Nilimwita nesi. Alikuwa msichana wa bara, Kiswahili chake chenyewe cha kuokoteza. Akainama, akasikiliza, akaniinulia uso.

"Hiyo ni lugha yenu ya nyumbani, madam. Anasema nini?"

"Sijui," nikasema.

Mimi ni mwalimu, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, na nilikuwa nimesimama pale mbele ya mama yangu kama mgeni aliyekosea wodi. Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki. Aliegemeza fimbo ya deki ukutani, akamsogelea mama, wakazungumza kidogo, kisha akanigeukia. "Asema afunguliwe dirisha. Tena asema shuka yamfunika vibaya miguu." Akaipanga shuka mwenyewe, akarudi kwenye ndoo yake.

Daktari alinieleza mlangoni, kwa haraka, kwamba mambo hayo hutokea. Lugha ya utotoni hukaa ndani, ile ya kujifunza ukubwani hukaa juu juu, na ugonjwa ukipita huzoa cha juu. Huenda kikarudi, huenda kisirudi. Nilitaka kumwambia kwamba Kiswahili hakikukaa juu juu kwa mama yangu. Alikiongea zaidi ya miaka hamsini, tena kile cha wenyewe, hata mabibi wa Mji wa Kale wakimsikia kwenye simu walikuwa wakimuuliza ni wa mtaa gani. Nilichukua dawa, nikakodi gari, nikamrudisha nyumbani Magogoni, hapa Mombasa. Kiswahili hakikurudi.

Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza kuwa ya kila siku. Mama ni Mtaita. Lugha yake ni Kitaita, mwenyewe akikiita Kidawida, na mimi mwanawe wa kwanza nilikijua kiasi cha kusalimia tu, tena nusunusu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mama mboga, huuza sukuma na kabeji zinazoshushwa soko la Kongowea alfajiri kutoka milima ya Taita, kwao yeye na mama. Huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa mama na sikio langu. Alipita asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na jioni akirudi. Katikati ya hapo mama aliongea na ukuta. Siku moja ya likizo alilia saa nzima akirudia maneno yale yale. Nilimletea maji, nikamletea uji, nikamgeuza, nikamfungulia redio, nikaizima. Jioni mama mboga alipokuja alisikiliza mara moja tu. "Anauliza kama kaburi la baba yenu limepaliliwa," akasema. Lilikuwa limepaliliwa. Neno moja tu lingetosha kumnyamazisha, na sikuwa nalo.

Watu huniambia Kiswahili na Kitaita ni ndugu, mtu akitega sikio atashika. Wanaosema hivyo hawajawahi kumsikiliza mtu anayesema kwa nusu ya mdomo. Nilitega sikio mpaka kichwa kikaniuma.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimetubakia. Macho ya mama yalikuwa yamekwenda zamani, presha ya macho iliyala moja baada ya jingine, na alichoona kilikuwa mwanga wa mlango tu. Lakini kila jioni nikirudi kutoka shule nilisimama hapo mlangoni, nikavua viatu, nikasema, "Mama, nimekuja." Naye aligeuza kichwa, akanyoosha mkono wa kushoto, akapapasa hewani mpaka akakipata kiwiko changu, akakishika. Maneno yenyewe alikuwa hayaelewi tena, lakini alijua ni mimi. Nilimwomba mama mboga amuulize hunitambuaje. Mama alijibu kwa maneno mawili matatu.

"Anasema mwanawe ndiye mwenye Kiswahili," mama mboga akaniambia. Nilicheka siku hiyo, na moyo ulifarijika.

Mama aliteremka milimani akiwa msichana, kuja kufanya kazi za ndani kwa jamaa moja ya Waswahili hapa Kisauni. Kiswahili alifundishwa kwa kuchekwa. Akikosea, bibi wa nyumba alikuwa akiwaita majirani waje wasikie, naye mama husimama na sinia mkononi, analirudia kosa lake ili wageni wafurahi. Alinihadithia mwenyewe, akicheka, nami nilikuwa nikicheka pamoja naye. Baba alikuwa mtu wa Ukambani, mfanyakazi wa bandarini, kwa hiyo nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili kwa lazima, vinginevyo wasingeelewana. Kitaita kilikuwa cha mama na mdogo wake wakikutana, na cha jikoni, na cha kutubembeleza tulale. Alijaribu kutupa na sisi. Mimi ndiye niliyekikataa, nikiwa na miaka saba, kwa sababu ya kibao.

Aliyesoma shule zetu anakijua kibao. Ni kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto akisikika akiongea lugha ya kwao huvishwa shingoni, hutembea nacho mpaka amnase mwenzake, na atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia ana habari yake. Nilikivaa mara moja, kwa kumwita mdogo wangu kwa neno nililolisikia kwa mama. Nilichapwa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama asiniongeleshe tena maneno yake yale. Hakubisha. Alisema, "Haya, mwanangu," na tangu hapo Kitaita akakiongea na sufuria zake.

Ungedhani mtu aliyechapwa kwa ajili ya kibao angekichukia. Mimi nilikua nikawa mwalimu, nikaajiriwa kwenye akademi moja ya Bamburi, nyuma ya machimbo ya zamani, na mwalimu mkuu alipotafuta wa kusimamia Kizungu, mkono wangu ndio uliotangulia juu. Kibao tulichokikuta kilikuwa na vibanzi. Nilitengeneza kipya, nikakipiga msasa mwenyewe, nikakitia kamba laini ya pamba kisiwachubue watoto shingo. Nilijiona mtu wa huruma sana. Kwetu juma zima lilikuwa Kizungu tupu, na hata Kiswahili kilikuwa kosa nje ya kipindi chake, hapa hapa Mombasa, ambako watu hujiona ndio wenye lugha na huwacheka wa bara kutwa. Wazazi walilipenda hilo. Wengi wao walikuwa watu wa viwandani na bandarini, waliotoka kila pembe ya nchi, na waliniambia, kwa Kiswahili cha kuungaunga, kwamba hawataki mtoto wao aje aongee kama wao. Wanangu niliwalea vivyo hivyo. Huongea Kizungu na Sheng, na walipokuwa wakimpigia nyanya yao simu, mazungumzo yalikwisha kabla chai haijapoa. Kibao kile kipo mpaka leo, mwalimu aliyenipokea kazi hiyo anakitumia.

Mama alikuja shuleni mara moja tu. Nilikuwa nimesahau chakula changu, na wakati huo macho yake yalikuwa bado yanamwonyesha njia. Aliniletea kimanga, maharage na viazi vitamu vilivyopondwa pamoja, ndani ya bakuli lililofungwa kwa leso. Ilikuwa siku ya wazazi kuja kutazama madaftari. Kwenye bomba la maji akamkuta mtoto wa kike wa darasa la pili, amevaa kibao, analia. Alimuuliza kwa Kiswahili ana nini, mtoto akaogopa kujibu. Mwenzake akamwita jina, mama akajua kwa jina lile kuwa ni Mtaita, akamuuliza tena kwa Kitaita, na mtoto akamwaga yote. Hayo nilielezwa baadaye. Nilichoona mimi ni mlango wa darasa ukifunguliwa, wazazi wamejaa kwenye viti vya watoto, na mama anaingia na bakuli mkono huu, mtoto mkono huu, na kibao shingoni mwake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake kizuri, "nami nimeisema lugha yetu hapo nje. Nimejivisha mwenyewe nisikupe taabu."

Mzazi mmoja alicheka. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma. Ningeweza kucheka nami, ningeweza kumvua kibao nikampa kiti. Nilimwambia mama yangu asubiri nje, na nilimwambia kwa Kizungu. Mama hakujua Kizungu. Nilijua hakijui, na ndiyo sababu nilikichagua, wale watu wamsikie mwalimu na yeye asimsikie mwanawe. Alinitazama mdomo, si macho. Akavua kibao, akakiweka juu ya madaftari, akaweka bakuli kando yake, akatoka. Kimanga sikukila. Nilikimwaga kwa aibu ya kuonekana nakila.

Jioni nilimkuta amekaa kizingitini. Alisema maneno marefu kwa Kitaita, kisha akayageuza kwa Kiswahili nisije nikasema sikusikia.

"Umenifunga mdomo mbele za watu. Basi siku utakayoutaka mdomo wangu, uutafute uukose."

"Mama, usinianze," nikamwambia, nikaingia ndani kuteleka chai.

Tangu siku hiyo, kila nilipomwita, aliitika, "Abee, mwalimu." Abee ni itiko la mtoto wa kike kwa mkubwa wake, na la mtumishi kwa bibi yake. Ndivyo alivyokuwa akiitika kwenye nyumba ile ya sinia. Miaka sita mama yangu aliniitika hivyo, kwa adabu, hakuteleza hata siku moja. Nami sikumwomba radhi, nilikuwa nangoja apoe. Hivi ndivyo nilivyo. Nikikosa, hungoja aliyekosewa achoke.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliteremka kutoka Taita wiki ya tano ya ugonjwa. Waliongea asubuhi nzima, nikiwasikia nyuma ya pazia, na mama alicheka, nusu kicheko, ambacho mimi nilikuwa sijakisikia tangu augue. Kisha mama mdogo akaja jikoni, akajisogezea kigoda.

"Dada yangu ana jambo nawe kifuani."

"Amekwambia?"

"Hakuniambia. Kila nikilitaja jina lako ananyamaza." Nilimweleza yote, kuanzia kibao mpaka kizingiti. Alisikiliza akichambua mchele, hakunitazama.

Kwa Wataita hasira ya mzazi si maneno tu. Hukaa kifuani, na hata mwenyewe asipotaka idhuru, humdhuru mtoto, na humzuia mzazi kwenda zake kwa amani. Dawa yake huitwa kutasa. Mwenye hasira huweka maji kinywani, huyapuliza nje, na kwa kila funda husema kwamba hasira imetoka. Wazee walitumia pombe ya miwa. Mama mdogo ni mtu wa kanisa, hufunga kitambaa cha chama cha akina mama kila Jumapili, na hakuona taabu yoyote. "Sisi twatumia maji," akasema. "Tumeokoka, lakini hasira haikuokoka."

Sikujua kama naamini. Nilijua tu kwamba nataka mama anisamehe kwa kinywa chake kabla hajafa, na sijawahi kutaka kitu maishani jinsi nilivyolitaka hilo. Darasani nilikuwa nikianza kuandika ubaoni nikasahau naandika nini, watoto wakanikumbusha.

Masharti ya mama mdogo yalikuwa mawili. Anayeomba aombe mwenyewe, kwa lugha ya anayeombwa, si kwa mjumbe wala mkalimani. Na maji yakishatiwa kwenye kibuyu, vinywa ni viwili tu humo chumbani. Wa tatu akitia neno, yameharibika, na mtu hana budi kungoja siku saba.

"Lakini mama mdogo, mimi sikijui Kitaita."

"Si wewe mwalimu? Jifunze."

Nilijifunza vile ninavyofundisha. Mama mdogo alinitungia maombi ya mistari sita. Maana yake alinipa kwa jumla tu, kwamba nimekuja na kosa na naomba kifua kilicho kizito kiwe chepesi. Niliyaandika kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, nikatia alama nyekundu mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kupumua. Kwa siku tisa nilikariri. Nilikariri nikiosha vyombo, nikakariri nikisahihisha. Sikuuliza neno hili lina maana gani, wala nikiulizwa hivi nijibu vipi, kama vile watoto wangu wa darasa la pili wasivyouliza wanapokariri mashairi ya Kizungu kuhusu theluji. Mama mdogo alinirekebisha mpaka siku ya tisa, kisha akasema, "Sasa mtu akifumba macho atadhani umezaliwa kule kwetu." Nilivimba kichwa. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Nilimwogesha mama kimyakimya. Nilikuwa nimejiwekea sheria, na hii hakunipa mama mdogo, ni yangu mwenyewe kabisa, kwamba siku hiyo Kiswahili hakitaingia chumbani. Kitaita tupu. Nilidhani ndiyo heshima. Nilimvalisha, nikamketisha kwa mito, nikamfunga leso, yote bila neno. Mara mbili aligeuza kichwa kama anayesikiliza jambo, nami nikaendelea na kazi. Mama mdogo akaleta kibuyu cha maji, akamshikisha kwa mkono wa kushoto, akamweleza jambo kwa maneno machache, kisha akakaa pembeni na kufunga mdomo kama tulivyopatana.

Nilikaa mbele yake, magoti yetu yakigusana, manila mapajani. Nikasema mistari yote sita. Sikukosea hata pumzi moja. Mama alisikiliza kichwa kimeinama upande, na nilipomaliza akatabasamu kwa ile nusu yake ya mdomo. Nilijua yamekwisha. Machozi yalianza kunitoka.

Lakini maji hakuyaweka kinywani. Alisema jambo, kwa upole. Nikaelewa kwa sauti kwamba ni swali. Nilitazama manila. Nilimtazama mama mdogo, yeye alikuwa ameweka kiganja mdomoni na kuinamisha macho. Basi nikafanya anachofanya mtoto anapoulizwa na mkaguzi kitu ambacho hakimo kitabuni. Nikarudia shairi langu tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.

Mama akatikisa kichwa. Akauliza tena, safari hii kwa ufupi, na akageuza uso kwenye mwanga wa mlango, akawa anangoja. Alingoja kwa muda mrefu, kibuyu kimetulia mkononi. Nje mama mwenye nyumba alikuwa akimwita mjukuu wake kwa Kimvita chake, "Ndoo hapa, ndoo!" yaani njoo. Nilirudia mara ya tatu, nikilia, na najua mara ile sikukosea pia. Mama akashusha pumzi. Akainua kibuyu, akanywa. Sikuwa nimewahi kuona kutasa, lakini niliona kwamba anameza. Alimeza funda baada ya funda mpaka kibuyu kikaisha, akampa mdogo wake, akajilaza ukutani.

"Bado," mama mdogo akaniambia jikoni. "Tungoje siku saba."

"Aliuliza nini?"

"Amechoka. Mwache apumzike."

Mchana mama mdogo akaenda Changamwe kumtazama mwanawe, akisema atalala huko. Mama alipopata usingizi nami nikatoka, nikanunua dawa zilizokuwa zimekwisha, na kusema kweli nilizunguka tu nisionekane nalia. Nilirudi jua limepungua. Kwa mazoea nikasimama mlangoni, nikavua viatu, nikasema, "Mama, nimekuja."

Alishtuka. Alinyoosha mkono kwa pupa, akanikamata kiwiko kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akaanza kusema. Alisema mengi, kwa haraka, akinitikisa. Kisha akaniachia, akawa anapapasa kitandani kwa mkono ule ule mmoja, juu ya shuka, chini ya mto, kwenye kigoda kilichokuwa kando, anatafuta kitu. Akanishika tena, akasema tena, akapapasa tena. Nikamwambia, "Nini, mama? Wataka nini?" Jumamosi mama mboga hurudi kwa kuchelewa, soko huwa limejaa. Nilidhani ni njaa. Nikaenda kumpikia uji.

Alikunywa vijiko viwili, akafunga mdomo. Alfajiri ya Jumapili kiharusi cha pili kilikuja kikachukua kilichobaki. Hakusema tena lugha yoyote. Jumanne asubuhi alifariki, na mimi nimekishika kiganja ambacho hakikunishika.

Tulimzika kando ya baba. Wasifu wake ulisomwa kwa Kizungu na mwanangu mkubwa, kwa kuwa ndivyo yafanywavyo mazishi ya watu waliosoma, na mimi ndiye niliyeuandika. Wazee walioteremka kutoka Taita walikaa mstari wa mbele, wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba alipenda elimu.

Siku ya tatu ya matanga nilimkuta mama mdogo chumbani, anakunja nguo za mama. Nilifunga mlango. Nilimwambia hatatoka humo mpaka aniambie aliulizwa nini, yaani niliulizwa nini, maneno yalikuwa yananichanganyikia. Alikataa. Akasema marehemu ameondoka, yaachwe. Nilipiga magoti. Akaketi kitandani, leso za mama mapajani, akaniambia bila kunitazama.

"Mimi nilimwambia tu kwamba maji ya kutasa yameletwa, naye alidhani wewe ni mgeni. Alidhani ni mtu wa kwetu aliyetumwa. Alisema, umesema vizuri, mwana wa wenyewe, na hilo kosa nalijua ni la nani. Lakini haliombewi na mjumbe. Niitie mwanangu, yule mwenye Kiswahili. Maji yake ninayo hapa."

"Na mara ya pili?"

"Alisema, mbona simsikii leo? Kaenda wapi?"

Mama mdogo alianza kulia. Alisema alitaka kupiga kelele siku ile, aliuma kiganja, aliogopa kuyaharibu maji. Alidhani siku saba zipo. Sikumlaumu. Yeye alishika sharti moja, na mimi ndiye niliyetia la kwangu, la kufungia Kiswahili nje, lugha ya pekee ambayo mama yangu alinijua nayo.

Ndipo nikamweleza ya jioni ile, jinsi nilivyosimama mlangoni, jinsi alivyonikamata, na jinsi alivyopapasa kitanda kizima. Nilikuwa nazungumza tu, sikuwa nimefikiri. Mama mdogo akaacha kulia. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa akitafuta kibuyu," akasema.

Kilikuwa jikoni, kimeinamishwa kando ya beseni kikauke. Nilikisogeza mwenyewe siku ile nipate mahali pa kuweka sufuria ya uji.